Klabu, kikundi, mwavuli au NGO: uchague njia ipi kuanza kazi na wasichana?

Simu huwa ni ileile. Anayepiga ni dada wa miaka ishirini na kitu, mara nyingi mhitimu aliyerudi nyumbani au mwalimu wa kujitolea, na hata salamu hazijaisha ameshauliza: "Dada, kusajili NGO ni shilingi ngapi?" Nami namuuliza: Jumanne saa tisa na nusu alasiri, wasichana wako wako wapi, na wewe uko wapi? Hapo huwa panatokea ukimya. Cheti amekwisha kukiwaza, jina la shirika analo, nembo ameshachoresha. Jumanne yenyewe bado.

Siwacheki, maana nami nilianza hivyohivyo. Nilikuwa na muhuri kabla sijawa na daftari la mahudhurio. Ndiyo maana nimeona niziweke hapa njia nne ambazo mtu wa Tanzania Bara anaweza kuzitumia kuendeleza elimu na uongozi wa wasichana, kila moja ikipimwa kwa vipimo vilevile. Walioko Zanzibar wana sheria yao na msajili wao, na cheti cha Bara hakiwafai huko.

Njia ya kwanza ni klabu ndani ya shule, chini ya mkuu wa shule na mwalimu mlezi. Ya pili ni kikundi cha kijamii kinachosajiliwa halmashauri, kile ambacho wafadhili hukiita CBO. Ya tatu ni kufanya kazi kama mradi chini ya mwavuli wa shirika ambalo tayari limesajiliwa. Ya nne ni NGO yako mwenyewe, chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002.

Kuna wanaouliza pia habari za BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni na biashara. Zamani watu walisajili kampuni yenye ukomo wa dhamana na kuiendesha kama shirika la hisani. Marekebisho ya sheria ya 2019 yaliufunga mlango huo, na anayefanya kazi za NGO sasa anatakiwa kwenda kwa Msajili wa NGOs. Jumuiya zinazosajiliwa Wizara ya Mambo ya Ndani ni kwa ajili ya masilahi ya wanachama wenyewe. Bodi ya wadhamini kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ina maana kubwa mkishakuwa na kiwanja au jengo la kumilikisha. Kama mali yenu yote ni mipira miwili na boksi la chaki, hiyo iacheni kwanza.

Vipimo ninavyotumia

Natazama mambo matano: unaanza lini, pesa inapita wapi, unawafikiaje wasichana, kauli ya mwisho ni ya nani, na wewe ukihama au ukiolewa mbali kinabaki nini. Ada ya usajili siiweki humo kwa makusudi. Ada hulipwa mara moja na kusahaulika, lakini taarifa za kila mwaka zitakuandama hadi ndotoni.

Unaanza lini

Klabu inaweza kuanza wiki ijayo. Mkuu wa shule akikubali, mwalimu mlezi akapatikana na siku ikaingia kwenye ratiba, mmeanza. Kazi ipo kwenye kumpata huyo mlezi. Mwalimu mwenye vipindi vingi, usahihishaji na zamu hataki mzigo mwingine, na atakayekubali kwa kumwonea aibu mkuu wa shule ataacha baada ya mwezi.

Kikundi kinahitaji mkutano wa kuanzisha, muhtasari, katiba fupi, orodha ya wanachama yenye sahihi na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Baada ya hapo unaanza safari ya kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, kwanza wa kata, kisha wa halmashauri. Ukimkuta afisa ofisini, mambo huenda. Ukiambiwa yuko kwenye mafunzo Dodoma, nenda kanywe chai urudi wiki nyingine.

Mwavuli unategemea mwenyeji. Lipo shirika litakalosaini hati ya makubaliano ndani ya siku chache, na lipo litakalosubiri kikao cha bodi cha robo mwaka.

NGO maombi yake hupitia mfumo wa mtandaoni wa Msajili, ulio chini ya wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii. Utapakia katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina na sahihi, taarifa binafsi za viongozi na viambatisho vingine. Pia utachagua ngazi: wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Hapo ndipo tamaa huingia. Kila mtu anataka ngazi ya taifa, hata ambaye hajawahi kuvuka tarafa.

Katiba nayo ina vituko vyake. Niliwahi kuombwa nipitie katiba ya shirika la wasichana, kurasa kumi na nne, imechapwa vizuri. Nilipofika ibara ya wanachama nikasoma kwamba mwanachama lazima awe na "mizinga isiyopungua mitano". Dada wa watu alikuwa amenakili katiba ya wafuga nyuki, akabadilisha jina juu na kusahau katikati. Tulicheka hadi machozi, lakini angeipeleka hivyo ingerudishwa. Katiba iandikeni wenyewe, hata ikiwa ya kurasa nne. Hasa ibara ya nani anaweza kumwondoa mwenyekiti. Hiyo ndiyo mtakayoifungua siku mambo yakiharibika.

Pesa inapita wapi

Klabu haina akaunti. Mchango wa fedha utapitia akaunti ya shule, chini ya taratibu za shule, na kuutoa kunahitaji sahihi za watu ambao klabu si kipaumbele chao. Kwa hiyo klabu husaidiwa vizuri zaidi kwa vitu: madaftari, taulo za kike, taa za sola za kujisomea. Vitu navyo vinahitaji daftari la kupokea na kutoa, lenye sahihi ya matroni na ya msichana mmoja. Boksi la taulo za kike lisiloandikwa popote huisha kwa kasi ya kushangaza.

Kikundi kinaweza kufungua akaunti yenye watia sahihi watatu, kikapokea michango na ruzuku ndogo. Hapa kuna mkanganyiko ambao huwa nausikia kila mara: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Ule ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa, na unatolewa kwa shughuli ya kuzalisha. Ukiuchukua kulipia kambi ya uongozi ya wasichana, marejesho utayatoa wapi? Kama kikundi chenu kina mradi wa kushona sare au kufuga kuku, hilo ni jambo jingine. Mkopo uende kwenye kuku, na faida ya kuku iende kwa wasichana.

Chini ya mwavuli, pesa huingia kwenye akaunti ya mwenyeji, naye hukata asilimia kwa ajili ya uendeshaji. Hakuna ubaya hapo, maana mhasibu wake analipwa, na wewe unapata hesabu zilizokaguliwa bila kuajiri mtu. Ubaya ni kutoandika. Mimi niliwahi kukaa chini ya mwavuli wa shirika moja kwa makubaliano ya mdomo, tukiitana mama na mwanangu. Fedha ya mradi wetu "iliazimwa" kulipia pango la ofisi, na kambi ya Desemba ikasogea hadi Machi, wakati wasichana wa kidato cha nne walikuwa wamekwisha kumaliza na kuondoka. Ile kambi tuliiandaa kwa ajili yao. Andikeni asilimia, andikeni siku ngapi baada ya pesa kuingia mtaipata, andikeni nani anaruhusiwa kuigusa.

NGO ndiyo njia inayopokea ruzuku kubwa, na ndiyo yenye macho mengi juu yake. Unahitaji TIN. Ukiajiri kuna kodi ya mishahara na michango ya NSSF. Watu wengi hawaamini nikiwaambia kwamba kuwa NGO peke yake hakukuondolei kodi ya mapato: hadhi ya hisani inaombwa TRA kwa maandishi, na inaweza kukataliwa. Kila mwaka unapeleka kwa Msajili taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa. Kanuni za 2018 zikaongeza kwamba mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10. Shirika la watu watatu wanaojitolea linaweza kuyabeba yote hayo, ila mmoja wa watatu atakuwa anashinda na stakabadhi badala ya wasichana. Mjue mapema ni nani.

Unawafikiaje wasichana

Hapa klabu huongoza kwa wale walio shuleni, maana wasichana tayari wapo, wameketi. Tangu ada ifutwe hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, madarasa yamejaa, na klabu ya Jumatano haihitaji nauli ya mtu.

Njia nyingine tatu zote, ukitaka kuingia shuleni, zinapitia kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na Afisa Elimu. Barua inayoanza na "Kumb. Na." ndiyo inayofungua geti. Cheti cha NGO chenye nembo ya dhahabu hakiingizi mtu darasani bila barua hiyo, na mkuu wa shule anayekukatalia hana roho mbaya, analinda kazi yake. Mwenyeji wa mwavuli aliyezoeleka halmashauri huwa na faida hapa: barua yake hupita mezani haraka.

Sasa tuje kwa msichana ambaye hayupo shuleni, kwani huyu ndiye anayebadilisha hesabu yote. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa ujauzito wanaweza kurudi. Tangazo lilisikika redioni. Mama yake alilisikia, jirani alilisikia. Lakini nani anamtunza mtoto saa moja asubuhi? Nani anaandamana na msichana kwenda kwa mkuu wa shule ile siku ya kwanza, ambayo wenzake wote watageuza shingo? Klabu ya shule haimwoni, kwa kuwa inaanzia ndani ya geti. NGO iliyopo mjini inamwona kwenye andiko la mradi tu. Aliye karibu naye ni kikundi. Nimekaa kwenye kikao cha kikundi, chini ya paa la makuti, mwanachama mmoja akiwa na miaka kumi na saba na mtoto mgongoni. Mwenyekiti, mama muuza samaki, hakumhutubia. Alimwambia, "Mwanangu, Jumatatu mlete kwangu huyo mtoto, mimi sokoni naenda alasiri." Msichana akarudi kidato cha pili. Hapakuwa na bajeti wala kiashiria, na sijui mfadhili gani angekubali kuliandika hilo kwenye safu ya matokeo.

Njia yoyote utakayoichukua, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na tangu Mei 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi. Picha ya msichana mwenye sare, jina la shule likisomeka kifuani, chini yake maelezo kwamba alinusurika ndoa, isiende mtandaoni. Hata kama mfadhili ameiomba, na hata kama mzazi amesaini bila kuelewa alichosaini.

Kauli ya mwisho ni ya nani

Kama neno "uongozi" lipo kwenye jina lako, kipimo hiki ndicho kikubwa kuliko vyote, na ndicho watu hukiruka.

Kwenye klabu, mwenyekiti ni msichana, katibu ni msichana, na daftari la fedha za maandazi analishika msichana. TUSEME, programu ya kuwapa wasichana sauti kwa njia ya maigizo, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 kwa kazi ya kina Profesa Penina Mlama, na baadaye FAWE, jukwaa la wanawake wanaelimu wa Afrika, ikaipeleka nchi nyingine za Afrika, ilijengwa juu ya hilo: wasichana wanatafuta tatizo wenyewe, wanalichambua, wanaliigiza mbele ya walimu na wazazi. Msichana aliyesimama jukwaani kuigiza mwalimu anayewadhalilisha wenzake, huku walimu wameketi mbele, ameshaongoza. Lakini juu ya klabu yupo mkuu wa shule, na likitajwa jambo linalogusa ofisi yake, igizo linaweza kuahirishwa "hadi muhula ujao".

Kwenye kikundi kauli ni ya wanachama, na wanachama ni watu wazima wa mtaani. Wana upendo wa kimama, pia wana misimamo yao. Nimewaona wakimnyima msichana nafasi ya kuzungumza mkutanoni kwa kuwa "bado mdogo", kwenye kikundi kilichoanzishwa kwa ajili yake.

Chini ya mwavuli, kauli ya mwisho ni ya bodi ya mwenyeji. Mkitaka kubadili mada kutoka ujasiriamali kwenda hesabu na sayansi, mtaomba.

NGO inakupa uhuru wa kupanga, lakini ni wewe na bodi yako. Wasichana wanageuka "wanufaika", wanaonekana kwenye taarifa kama idadi. Kuna mashirika yaliyolitibu hili kwa kuwarudisha wahitimu wao ndani ya uongozi. CAMFED, iliyoanzia Zimbabwe 1993 na kufika Tanzania 2005, ina chama cha wasichana iliowasomesha, nao wanawashika mkono wadogo zao shuleni. Hata NGO changa inaweza kuandika kwenye katiba kwamba viti viwili vya bodi ni vya waliopitia programu. Sioni wengi wakifanya hivyo.

Wengine huniambia wanataka NGO ili wawe na sauti ya kutetea sheria. Sawa, lakini kumbukeni kesi ya Rebeca Gyumi. Vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, alivipinga Mahakama Kuu kwa jina lake mwenyewe, akashinda Julai 2016. Serikali ilikata rufaa, Mahakama ya Rufani ikamthibitishia ushindi Oktoba 2019. Alikuwa na shirika, Msichana Initiative, na shirika lina msaada wake: watafiti, mawakili, sehemu ya kukutania. Ila jina lililoandikwa kwenye jalada la kesi ni la mtu.

Ukiondoka

Klabu hufa kwa barua ya uhamisho. Mlezi akihamishiwa wilaya nyingine, Jumatano inayofuata darasa lina kufuli. Wawe walezi wawili, na daftari libaki shuleni.

Kikundi hufa kwa ugomvi, mara nyingi wa pesa kidogo. Kikiishi miaka mitatu ya mwanzo, huwa kinadumu, kwa kuwa watu wake hawahami.

Mradi wa mwavuli huisha na mkataba. Kabla hujasaini, uliza majina ya wasichana, jina la mradi na vifaa vitakuwa vya nani siku mkiachana.

NGO ni mtu kisheria, inaishi bila wewe, na cheti chake tangu marekebisho ya 2019 ni cha miaka 10 kabla ya kuhuishwa. Lakini isiyowasilisha taarifa inaweza kufutwa, na deni la taarifa halisamehewi kwa sababu ofisi mmeshaifunga.

Hali yako ikoje?

Wewe ni mwalimu, au una rafiki mwalimu anayependa jambo hili kwa dhati, na wasichana unaowataka wapo kwenye shule moja au mbili: klabu inakutosha, tena kwa miaka. Usiogope kuonekana mdogo.

Unaishi mtaa uleule na wasichana, wengi wao wako nje ya shule, na mna akina mama wanaokutana tayari kwenye VICOBA au kwaya: sajilini kikundi. Wekeni wasichana wawili kwenye uongozi tangu siku ya kwanza, kwa maandishi.

Una wazo zuri na mtu wa kulifadhili kwa mwaka mmoja, lakini huna mhasibu wala muda: tafuta mwavuli. Kabla ya kumkubali mwenyeji, omba kuona hesabu zake zilizokaguliwa za mwaka jana. Akichelewa kuzionyesha, hilo nalo ni jibu.

Uko ughaibuni, unatuma fedha kutoka Muscat au Minneapolis na unataka kufanya kitu kijijini kwenu: anza na mwavuli au kikundi, usianze na NGO ambayo itaendeshwa na binamu kwa WhatsApp. Binamu ni mtu mwema, ila hesabu za ukaguzi zitamshinda.

Mmefanya kazi mfululizo miaka miwili au zaidi, wilaya zaidi ya moja inawahitaji, mfadhili anadai cheti, na kuna mtu mmoja kati yenu asiyeogopa stakabadhi: nendeni NGO. Chagueni ngazi mnayoifanyia kazi leo. Na wakati mnasubiri cheti, klabu isifungwe.

Huoni hali yako hapo juu? Basi fanya hivi kabla ya kumpigia mtu simu: nenda Jumanne, saa tisa na nusu, usimame nje ya geti la shule ya kata. Hesabu wasichana wanaotoka. Kisha tembea hadi gengeni na uwahesabu wa rika lilelile wanaouza nyanya.